Je, Kweli Ina Umri?

Katika kazi ya ualimu yapo maswali ambayo mtu huyajibu siku moja akapumzika, na yapo mengine ambayo humfuata mpaka akastaafu akakaa nayo barazani. Langu mimi ni hili: je, ni halali kumwambia mtoto mdogo sehemu tu ya kweli, na kumwekea iliyobaki mpaka akue? Na kama ni halali, uko wapi mpaka baina ya kumpunguzia na kumdanganya? Nimekuwa nalo swali hili tangu nilipokuwa mwalimu wa madarasa ya chini hapa Pemba, nikawa nalo nilipokuwa mwalimu mkuu, na sikuliacha nilipokabidhiwa chuo cha ualimu. Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jambo nililoliona ugenini, ndani ya kuba ya nyota.

Msomaji ambaye hajapata kuingia mahali pa namna hiyo, na wengi wetu visiwani hatujapata, na afikirie chumba cha mviringo chenye dari kama bakuli lililofunikwa. Taa huzimwa, na chombo kilichowekwa katikati hurusha nukta za mwanga juu ya dari ile, kila nukta mahali pake, hata mtu akadhani dari imeondolewa na anatazama mbingu ya usiku. Jina lake la kigeni ni planetariamu. Mtambo wa kwanza wa namna hii ulitengenezwa na kiwanda cha Carl Zeiss cha mji wa Jena, Ujerumani, ukaonyeshwa mjini Munich mwaka 1923. Chicago walifungua nyumba yao mwaka 1930, na Johannesburg wakapata yao mwaka 1960 kwa mtambo uliotoka Hamburg. Siku hizi ziko hata za kubebeka: hema zito lisilopitisha mwanga, ambalo hujazwa upepo kwa feni mpaka likasimama kama kichuguu, pamoja na projekta na kompyuta. Huko Kenya, Susan Murabana na Chu Owen, waanzilishi wa Travelling Telescope, wamezipitia skuli nyingi wakiwa na darubini na hema la namna hiyo, ili watoto ambao hawana njia ya kwenda kwenye majumba makubwa waletewe mbingu mlangoni.

Miaka michache kabla ya maradhi ya korona nilikuwa Nairobi kwa mpwa wangu, ambaye naye ni mwalimu. Siku moja akaniambia, "Mjomba, leo watoto wangu wanaonyeshwa nyota mchana. Twende." Nikaenda. Mlango wa hema ulikuwa mdogo, nami kwa umri wangu nikaingia kwa magoti kama mtoto atambaaye, watoto wakinicheka kwa adabu. Tukakaa chini juu ya mikeka. Kundi la kwanza lilikuwa la watoto wa miaka 7 hivi.

Msimamizi alikuwa binti kijana. Alianza kwa kulitua jua polepole, akawaomba watoto wakae kimya mpaka kila mmoja aone nyota ya kwanza. Kisha akawaonyesha mwezi, tangu unapoandama mpaka unapokuwa mpevu, akawaambia kwamba mwezi hauna moto wake, mwanga wake unatoka kwa jua. Akawaambia kwamba nyota nazo ni majua, ila ziko mbali sana. Hapo alisimama. Hakutaja hesabu hata moja. Yote hayakuzidi nusu saa.

Karibu na mwisho mtoto mmoja wa kiume akauliza, "Mwalimu, jua nalo litazimika?"

Nakiri kwamba mimi, kimoyomoyo, nilikwisha mjibu. Nilimwambia: la, mwanangu, jua halizimiki. Ndivyo ambavyo ningesema kwa ulimi kama ningekuwa msimamizi, maana nani anataka mtoto wa watu arudi kwao analia? Lakini binti yule hakusema hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo, siku moja litazimika. Lakini siku hiyo iko mbali mno, hakuna hata mmoja wetu atakayefika huko, wala wajukuu wa wajukuu wetu. Kesho litatoka, na keshokutwa litatoka." Mtoto akafikiri, akaridhika. Swali lake la pili lilikuwa kama mwezini kuna samaki.

Baada ya mapumziko waliingia wanafunzi wa sekondari. Kuba ni ile ile, nyota ni zile zile, na binti ni yule yule, lakini maneno yalibadilika. Hawa aliwaambia kwamba mwanga wa jua hutumia kiasi cha dakika 8 kutufikia, na wa Alfa Sentauri, ile nyota kali iliyo karibu na Msalaba wa Kusini, hutumia zaidi ya miaka 4. Aliwaambia kwamba jua limekwisha tumia karibu nusu ya umri wake, na limebakiwa na kiasi cha miaka bilioni 5. Walipoandika wakamaliza, akazima hata taa ndogo aliyokuwa nayo, akasema, "Sasa wekeni kalamu chini mtazame tu." Kwa dakika nzima vijana wale wenye ndevu zinazochipuka hawakusema neno.

Nilitoka hemani nikiwa na furaha na fadhaa pamoja. Furaha sina haja ya kuieleza. Fadhaa ilitokana na jambo la zamani, ambalo sijapata kuliandika.

Tarehe 23 Oktoba 1976, siku ya Jumamosi, jua lilipatwa lote. Kivuli cha mwezi kilipita juu ya nchi yetu mapema asubuhi, jua likiwa bado liko chini, kikavuka Bahari ya Hindi mpaka Australia. Mahali popote duniani hupitiwa na kivuli kama kile, kwa wastani, mara moja katika miaka kama 375. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana katika skuli ya kijiji upande wa Wete. Habari zilikuwa zimeenea. Wazee walijiandaa kwa sala ya kupatwa kwa jua, mabibi walikumbushana habari za chewa, yule samaki mkubwa anayesemwa kuwa hummeza mwezi, na wazazi wakaja skuli kuuliza: "Maalim, tufanye nini na watoto?"

Nilijua kwamba kulikodolea macho jua lililopatwa nusu kunaunguza jicho. Hilo ni kweli, na ni la kuogopwa, kwa sababu jicho huungua bila ya kuhisi maumivu. Lakini sikuwaambia hivyo. Siku ya mwisho ya masomo ya wiki ile niliwasimamisha watoto wangu wapatao 40, nikawaambia kwamba asubuhi hiyo hewa yenyewe itakuwa na sumu. Kwamba atakayetoka nje, hata asitazame juu, atapofuka. Niliwaambia wajifungie ndani, wajifunge na macho. Nilisema kwa sauti nzito, nao wakaniamini, kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

Asubuhi ile mwanga ulififia kama magharibi. Kuku wa jirani walirudi bandani. Mimi nilikuwa uani. Niliyaona yote hayo, na watoto wangu hawakuyaona. Hakuna hata mmoja aliyeumia jicho, nami nilijisifu kwa miaka mingi kwamba nilifanya jambo jema.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Ilikwenda miaka 15 ndipo ikanirudia. Mwaka 1991 nilikuwa mkufunzi chuoni, nikiwafundisha vijana mbinu za kusomesha madarasa ya chini. Baada ya kipindi, mwanachuo mmoja wa kike alinisubiri mlangoni. Akasema kwa heshima kubwa, "Maalim, mimi nilikuwa darasani kwako mwaka ule wa kupatwa kwa jua. Nilikaa mvunguni mwa kitanda, kanga ya mama nimejifunga usoni. Bibi yangu alitoka nje akaona kila kitu, akawa ananiita nitoke. Sikutoka, nikamlilia nikidhani atapofuka. Nilitaka kukuuliza: ulikuwa unajua kwamba si kweli?"

Nikamwambia nilikuwa nikijua.

Hakukasirika. Lau angekasirika ningepata la kujitetea. Alisema tu, "Mimi nimewahadithia wadogo zangu vivyo hivyo, na wao wakawahadithia wenzao." Kisha akaniaga.

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyonilemea, kwa sababu nilikuwa natengeneza walimu. Mtu wa kawaida akimdanganya mtoto, amemdanganya mtoto mmoja. Mwalimu hupanda mbegu katika shamba la watu wengi, na hajui upepo utaipeleka wapi.

Basi nilipokuwa nimekaa nje ya lile hema la Nairobi, nilijiuliza: mimi na binti yule tumetofautiana wapi? Sote wawili tuliwapunguzia watoto. Yeye hakuwaambia wale wadogo habari za mwendo wa mwanga wala za umri wa jua mpaka alipoulizwa. Mimi sikuwaambia wangu habari za mwezi kupita baina ya jua na dunia. Kama kupunguza ni kosa, basi sote tumekosa, na hakuna mwalimu aliyesalimika tangu ualimu ulipoanza. Hakuna anayeweza kumwambia mtoto wa darasa la kwanza yote anayoyajua, kama vile hakuna anayemlisha mtoto mchanga pweza.

Nimefikia kuona kwamba vipo vipimo viwili. Cha kwanza ni hiki: alichopewa mtoto akiwa mdogo, je, kitabaki kuwa kweli atakapokuwa mkubwa? Mtoto wa miaka 7 aliyeambiwa kwamba mwezi hauna moto wake amepata kitu kidogo, lakini kitu hicho hakivunjwi na yeyote. Akifika sekondari atajengea juu yake habari za kupatwa kwa mwezi, na akifika chuo kikuu atajengea juu yake tena. Kupunguza ni kumjengea mtu chumba kimoja leo, ukijua kwamba nyumba itaendelea. Kudanganya ni kumjengea juu ya kiwanja kisicho chake: iko siku atahamishwa, na atalazimika kubomoa kabla ya kujenga upya. Wapo ambao hawabomoi kamwe. Huishi humo mpaka mwisho, na wakawakaribisha na watoto wao.

Kipimo cha pili ni kichungu zaidi: kinachofichwa, kinafichwa kwa ajili ya nani? Binti wa Nairobi alipima kifua cha msikilizaji. Mimi nilipojichunguza niliona kwamba sikuwaficha watoto wangu kwa kuwa akili zao hazikutosha. Niliwaficha kwa kuwa ujuzi wangu haukutosha, na subira yangu haikutosha, nami nikaliita jambo hilo huruma.

Najua msomaji atanipinga. Atasema: lakini macho yao yalisalimika, na mtoto mmoja tu kati ya 40 angelitazama jua, ungeandika nini leo? Pingamizi hili ni zito na sitaki kulipita juu juu. Kama ningelazimika kuchagua baina ya uongo ule na jicho la mtoto mmoja, ningechagua jicho. Lakini sikulazimika. Ilikuwako njia ya tatu. Ningechukua kipande cha kadibodi nikakitoboa kwa sindano, nikawageuza watoto wakalipa jua mgongo, wakatazama duara dogo la mwanga ukutani likiliwa ubavu mmoja mpaka likawa kama mwezi mwandamo. Kazi hiyo ingehitaji siku mbili tatu za kujifunza na kuwazoeza, nami sikutaka kuifanya. Na hata kama muda usingelikuwapo, ningeweza kusema, "Msitazame juu, mtaungua macho, sababu yake nitakuelezeni mkikua." Amri isiyo na maelezo si uongo. Mtoto anaweza kuambiwa "ngoja" asivunjiwe heshima.

Wapo pia wenye hekima waliouruhusu uongo wa faida. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliona inafaa raia waambiwe hadithi moja ya uongo juu ya asili yao ili mji ukae kwa amani. Katika kitabu hicho hicho alitupa mfano wa watu waliofungwa pangoni, wakitazama vivuli ukutani na kudhani kwamba ndivyo vitu vyenyewe. Nimewahi kufikiri kwamba kuba ya nyota ni pango la namna hiyo: watu wamekaa gizani wanatazama nukta za mwanga ambazo si nyota. Lakini kuna tofauti kubwa. Binti yule alipomaliza, aliwaambia watoto wa miaka 7, "Hii ilikuwa picha. Zenyewe ziko nje, leo usiku mzitazame." Kisha akafungua mlango, wakatoka wakifikicha macho kwa mwanga wa mchana. Mfano unaojitangaza kuwa ni mfano haumdanganyi mtu. Ndiyo maana hata chewa wa mabibi zetu simhesabu kuwa ni uongo mkubwa kama wangu: mtoto aliyesimuliwa habari za chewa alijua, au muda si muda angejua, kwamba hiyo ni hadithi. Mimi sikusimulia hadithi, nilitoa somo.

Liko jambo jingine nililojifunza katika kile kikao cha pili, nalo lawahusu wakubwa. Sisi walimu tuna tabia ya kuwapa watoto wadogo maajabu bila ya hesabu, na vijana tukawapa hesabu bila ya maajabu, kana kwamba mshangao ni nguo ya utotoni ambayo mtu akikua haimfai. Nimewaona vijana wengi wakiikariri masafa ya sayari kwa mtihani ambao hawajapata hata siku moja kulala chali mkekani wakatazama. Tukimnyima mdogo ukweli kwa kisingizio cha umri, na tukamnyima mkubwa mshangao kwa kisingizio hicho hicho, tumewapunja wote wawili. Ile dakika moja ya kimya, kalamu zikiwa chini, ilikuwa sehemu ya somo.

Huenda mtu akauliza: Mpemba anataka kuba ya nini, na mbingu anayo? Swali zuri. Watoto wetu wana mengi ambayo wenzao wa miji mikubwa hawana. Mtoto wa pwani hapa anajua kabla ya kwenda skuli kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa ya bamvua, na ukiwa nusu huwa maji mafu. Anajua kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Wazee wake waliitazama Kilimia wakajua majira ya kulima. Hata hivyo, skuli husomesha mchana na nyota hutoka usiku. Masika mbingu hufungwa wiki nzima. Na tangu umeme wa kutoka Tanga ulipotufikia kwa waya wa baharini mwaka 2010, taa zimeongezeka, jambo ambalo ni neema, lakini kila taa ina nyota zake inazozificha. Kuba ya kubebeka ikivushwa siku moja mpaka Chake Chake au Konde, nitafurahi. Tutaomba tu iwekwe kwenye latitudo yetu, kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ili watoto waione mbingu yao wenyewe, wala wasionyeshwe Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haipandi juu ya upeo wa macho.

Kwa sasa tutatumia tulicho nacho. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa tena. Kivuli kamili kitapita kaskazini yetu, Misri, Saudi Arabia mpaka Somalia. Sisi Pemba tutapata sehemu tu, wakati wa mchana. Mwenyezi Mungu akinipa uhai, nimekwisha waomba walimu wa jirani wanipe watoto kwa saa moja chini ya mwembe. Kadibodi ninazo, sindano ninayo. Wadogo nitawaambia walipe jua mgongo, watazame chini kwenye mchanga, kwa sababu kila tundu la mwanga lipitalo baina ya majani litakuwa mwezi mdogo uliopinda. Nitawaambia kwamba mwezi unapita mbele ya jua, na kwamba jicho lisilokingwa litaungua. Hayo yanawatosha, na yote ni kweli. Wakubwa watapima na kuchora, kisha nitawaomba waweke kalamu chini.

Na yule mwanachuo wangu wa mwaka 1991, ambaye sasa naye ni mwalimu mtu mzima, nimempelekea salamu aje na darasa lake. Amejibu kwamba atakuja, na kwamba safari hii hatajifunga kanga machoni.